Bingwa Anayezomewa

Sehemu ya Kumi na Mbili

Ngumi ile ilitua.

Msomaji, juma lililopita tuliiacha ikiwa hewani, ngumi ya kulia ya Tingatinga, nzito kama gunia la saruji, na Kivuli akiwa hata haitazami. Bingwa wa uzito wa juu, mtu ambaye hajawahi kugeuza shingo ulingoni, aligeuza shingo raundi ya kumi. Kwa nini? Kwa sababu kati ya midomo yote iliyokuwa ikimzomea ukumbini alasiri ile, alitambua mmoja.

Ulikuwa mdomo wa kaka yake. Tumbo moja, ziwa moja.

"Piga au shuka!" kaka mtu alipaza sauti. "Piga au shuka, mwoga wewe!"

Kivuli akageuka kuhakikisha kama masikio yanamdanganya. Hayakumdanganya. Ngumi ikamkuta bado anaangalia, chini kidogo ya sikio.

Akaenda chini.

Ukumbi ulilipuka. Watu waliokuwa wanapiga miayo tangu raundi ya tatu waliruka juu ya viti. Mzee mwenye mvi alimkumbatia mtu asiyemjua. Walifurahi kama jamaa aliyepata mtoto baada ya miaka ya kungoja. Hiyo ndiyo furaha ya kwanza ambayo Kivuli aliwapa siku nzima, na aliwapa akiwa kifudifudi.

"Moja!" mwamuzi akahesabu. "Mbili!"

"Tulia, mwanangu!" ilisikika sauti ya kocha kutoka kona. "Tulia hapohapo!"

Kivuli akajiinua, akaweka goti moja chini, akatulia. Kichwa kilikuwa kizima, miguu mizima. Angeweza kusimama kwenye tatu. Hakusimama. Hesabu ya mwamuzi ni pumziko la bure, na mwenye akili hakatai cha bure. Akabaki anatafuna kinga ya meno, anamtazama mwamuzi usoni kama abiria anayejua basi lake linafika saa ngapi.

"Sita! Saba!"

Furaha ikaanza kuchacha.

"Wewe, unasali?"

"Mleteeni mto!"

"Nane!"

Kivuli akasimama, akakunja ngumi, akaonyesha macho yake kwa mwamuzi. Mwamuzi akaruhusu. Na ukumbi mzima ukamzomea kuliko mwanzo, kwa kosa la kuamka akiwa na akili zake.

Kaka yake hakuwa hivyo. Kaka yake, waliyemwita Baruti, akiangushwa alikuwa anasimama kabla mwamuzi hajafika mbili. Anasimama na miguu bado inacheza, macho bado yanatafuta ni nani kamzimia taa, na watu wanalia kwa mapenzi. "Baruti! Baruti!" Kila alipoamka mapema, ngumi ya pili ilimkuta kabla ya akili kurudi nyumbani. Alifanya hivyo miaka kumi na mitano. Leo hii akishika kikombe cha chai, chai inafika mdomoni nusu.

Lakini wanampenda! Hilo usibishe.

Raundi mbili zilizobaki Kivuli alizicheza kama anavyojua. Ngumi ya kushoto, hatua. Ngumi ya kushoto, hatua. Tingatinga alipiga hewa, akapiga kamba, akapiga nguzo ya kona mpaka kiti kikaanguka. Kila alipofika, mwenyewe kashaondoka.

"Kama ni mbio, nenda riadha!" mtu alipayuka.

"Hizo ni ngumi au unampangusa jasho?"

"Mume wangu hunikwepa hivyohivyo siku ya kuosha vyombo!" alisema mama mmoja wa safu ya mbele, na watu wakacheka hadi wakasahau kutazama.

Kengele. Majaji watatu, karatasi tatu, jibu moja: Kivuli ameshinda, mkanda anabaki nao. Chupa ya kwanza ya maji ilimkuta mkono wake ukiwa bado juu.

*

Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na benchi moja, sinki lenye ufa, na kidirisha cha juu kinachotazama uwanja wa nje. Kocha alikuwa amepiga magoti, anakata bandeji mikononi mwa Kivuli kwa mkasi butu. Kocha huyo, kwa wasiokumbuka, ndiye baba mzazi wa mke wa Kivuli. Ndiyo maana bingwa huyu hatukani. Utatukanaje na mkwe wako ameshika mkasi?

"Umecheza vizuri," mkwe alisema.

"Baba, yule alikuwa kaka."

"Nilimsikia."

"Amenizomea, Baba. Mbele ya watu."

"Na wewe ukageuka." Mzee alivuta bandeji. "Ukiwa ndani ya kamba una mwenzako mmoja tu, yule anayekupiga. Ndugu wote wako nje."

Kivuli alikuwa na jibu, lakini lilikuwa na maneno ambayo mkwe haambiwi. Akalimeza.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Akaingia promota, anajipepea kwa kofia, jasho linamtiririka utadhani yeye ndiye aliyepigana.

"Hongera, bingwa. Umeshinda, na umeniua."

"Nimekuua vipi?"

"Watu walianza kutoka raundi ya saba. Ya saba! Nimeona kwa macho yangu mtu amelala, na mkewe anamfukuzia inzi."

"Tingatinga hajanipiga ngumi tatu za maana pambano zima," Kivuli alisema. "Hiyo si kazi?"

"Ni kazi. Fundi saa naye anafanya kazi. Umewahi kuona watu wamejaza ukumbi kumtazama fundi saa?"

Mkwe akaingilia. "Juzi wale vijana wa uzito mwepesi walikwepana hapahapa jioni nzima. Watu walipiga makofi mpaka viganja vikavimba. Ufundi, ufundi! Mbona wao walishangiliwa?"

"Mzee wangu, wale ni wepesi," promota alijibu, na sauti yake ilikuwa na huruma kidogo, huruma ya mchinjaji. "Ndege akiruka, watu wanasema ona uzuri. Lakini huyu ni mbuyu wa kilo mia na kumi. Watu wakiona mti mkubwa wanataka kitu kimoja tu. Wauone ukianguka, au uangukie kitu. Mti unaokwepa shoka? Wanaona wameibiwa."

Kivuli alicheka. Halikuwa cheko zuri.

Hapo ndipo kelele za nje zilipopanda. Haikuwa zomeazomea. Ilikuwa sauti nyingine kabisa, ya furaha, na ndani yake jina moja linapigwa kama ngoma. Kivuli akapanda juu ya benchi, akachungulia kidirishani.

Wamembeba Baruti mabegani.

Kaka yake, mwenye miaka arobaini na mbili, mwenye kitambi na shati lililofungwa vifungo upande upande, anaelea juu ya vichwa vya watu. Mikono ameinua. Inatetemeka, lakini kutoka mbali mtetemeko ule ulionekana kama salamu.

"Wamembeba kwa lipi?" Kivuli aliuliza bila kugeuka.

"Kwa habari niliyowapa mlangoni," promota alisema. "Baruti anarudi ulingoni mwezi ujao. Anapigana na Tingatinga."

Mkasi ulianguka sakafuni.

*

Kivuli alishuka kutoka benchi taratibu. Promota akarudi nyuma hatua moja.

"Rudia."

"Mwenyewe ameomba! Muulize. Daktari wangu amempima, mapigo ya moyo safi."

"Moyo! Nani alimpiga moyoni? Walimpiga kichwani!"

"Mwanangu," mkwe alisema polepole, maana alishaona ngumi ya kushoto inajikunja.

Mlango tena. Mara hii aliingia mke wa Baruti, kanga begani, kiatu kimoja kimekanyagwa na kundi hadi kamba imekatika. Alimwamkia mzee, kisha akamgeukia Kivuli.

"Shemeji, sema naye. Mimi nimeshindwa."

"Hali yake ikoje, shemeji? Niambie ukweli, usinifiche."

"Asubuhi amevaa viatu, cha kulia kushoto. Nikamwambia. Akasema viatu ndivyo vimekosea. Nikacheka naye." Alitazama sakafu. "Kisha nikaenda jikoni. Jumatano aliniita kwa jina la marehemu mama yenu. Akaniuliza kwa nini nimechelewa kutoka sokoni."

Hata promota alisimamisha kofia.

"Akipigwa tena mara moja ya nguvu," shemeji alisema, "mtanirudishia mtu atakayehitaji kulishwa. Au hamtanirudishia kabisa."

Na Baruti mwenyewe akaingia, mashabiki wanne wakimsukuma kwa nyuma na kuishia mlangoni. Alikuwa anang'aa. Alimwona mdogo wake, akafungua mikono.

"Bwana mdogo! Umeshinda?"

"Nimeshinda, kaka."

"Vizuri." Akaketi benchini. Akapangusa uso. "Umeshinda?"

Shemeji aligeukia ukuta.

"Nimeshinda, kaka," Kivuli alirudia. "Na wewe ulikuwa unanizomea."

"Nilikuzomea, ndiyo." Hilo alilikumbuka vizuri, bila kuyumba. "Nilikuonea haya. Watu wametoka makwao, wameacha shughuli, wewe unawachezea kidali po, kukimbizana kama watoto. Nani alikufundisha kupiga goti hadi nane? Mimi? Mimi nilikufundisha hivyo?"

"Wewe ndiye uliyenifundisha. Nilikuwa nimekaa kona yako kila ulipoanguka. Nilikuona unavyoamka kwenye mbili. Nikasema mimi sitaamka kwenye mbili."

"Kwa hiyo nilikuwa mjinga."

"Sijasema hivyo."

"Umesema." Baruti aliinua kidole, kidole kikacheza, akakificha chini ya paja. "Sikiliza, wewe. Wewe una mkanda. Mimi nina watu. Ukitoka hapo nje sasa hivi watakurushia chupa, na mkanda wako kiunoni. Mimi sijapigana miaka sita, wamenibeba. Tubadilishane?"

"Kaka, watu hao hawakai nawe ukidondosha kikombe. Anakaa shemeji."

"Shemeji yako hapigi makofi."

Alisema hivyo mkewe akiwa hapohapo, umbali wa mkono. Kuna ngumi ambazo majaji hawaziandiki.

"Hurudi ulingoni," Kivuli alisema.

"Narudi."

"Tingatinga atakuua!"

"Aniue nikishangiliwa! Unajua kukaa kwenye kiti kuanzia asubuhi, mtu anakuja kukuuliza kama umekwenda chooni? Unajua?" Baruti aligeukia mlango walikosimama mashabiki. "Leo hawakuniuliza. Leo wameniita jina langu."

*

Msomaji, hapa ndipo Kivuli alipofanya kosa. Alikuwa na akili nyingi kuliko wote mle chumbani, na kosa alilofanya lilihitaji akili nyingi. Mjinga asingelifikiria.

Aliwaza hivi. Kaka hazuiliki. Akizuiwa hapa atapigana uchochoroni, kwenye uwanja wa vumbi, na yeyote atakayejitokeza. Basi apigane. Lakini na nani? Katika mabondia wote wakubwa, ni mmoja tu anayeweza kumaliza raundi kumi na mbili na mtu bila kumuumiza. Anayeweza kumgusa badala ya kumpiga, kumkumbatia akichoka, kumzungusha hadi kengele ya mwisho, kisha akamrudisha kwa mkewe kichwa kikiwa kama kilivyokuja. Mmoja tu. Yule wanayemzomea kwa sababu hajui kuua.

"Mwondoe Tingatinga," alimwambia promota. "Baruti atapigana na mimi."

Promota aliivaa kofia yake.

"Ndugu kwa ndugu?" promota aliuliza. Macho yake yalikuwa yametulia kupita kiasi.

"Ndugu kwa ndugu."

"Mwanangu, nyamaza kidogo," mkwe alisema. "Uliza masharti kwanza."

"Baba, kwa heshima zote, hili nimeshalipiga hesabu."

Akamsogelea shemeji, akamnong'oneza: "Sitamuumiza. Nitacheza naye kama ninavyocheza siku zote. Wataniita mwoga, nimeshazoea. Atapata kelele zake, na wewe utampata mtu wako."

Shemeji akaitikia kwa kichwa, na macho yake yalikuwa na tumaini ambalo lingemuumiza Kivuli baadaye kuliko ngumi ya Tingatinga.

"Bwana mdogo upigane na mimi?" Baruti alikuwa amesimama. Tabasamu lilimfika masikioni. "Twende nje! Twende tukagonge!"

Na kugonga, kwa watu wa ngumi, si mchezo. Mikataba ya mapambano inachanwa kila siku, mawakili wanakula humo. Lakini mabondia wawili wakishagonganisha ngumi mbele ya mashabiki, hapo pamefungwa. Anayerudi nyuma baada ya kugonga hapati tena ukumbi, hapati kona, hapati hata wa kumfunga bandeji. Watu hawa watasamehe uongo, ulevi na wizi. Hilo hawasamehi.

Wakatoka hadi ngazi za mbele. Jua la alasiri lilikuwa bado kali, umati umejaa uwanja hadi kwenye geti. Kivuli alipotokeza, zomeazomea ikapaa na chupa mbili zikaja nayo. Promota akaomba kipaza sauti kwa mtangazaji, akainua mkono.

"Mnamtaka Baruti?"

"Tunamtaka!"

"Mnajua mpinzani wake ni nani?"

Kaka na mdogo wake wakatazamana. Kivuli aliinua ngumi ya kushoto, ile ya kazi. Baruti akainua ya kulia, inatetemeka. Zikagongana mbele ya kila mtu.

Watu walizitazama ngumi zile mbili. Kisha wakaelewa, na sauti iliyotoka uwanjani ilitikisa vioo vya madirisha.

"Sasa nisikilizeni!" promota alipaza sauti. "Leo mmelalamika, nimewasikia. Mmesema majaji wanahesabu vidole badala ya kutazama ngumi. Basi pambano hili halina majaji!"

Kivuli akageuza kichwa.

"Halina pointi! Halina raundi ya mwisho! Litakwisha mmoja akilala na asiinuke, na mkiona kuna anayekimbia, ninyi wenyewe mtapiga kelele na kengele ya mapumziko haitagongwa!"

"Ulisema raundi kumi na mbili!" Kivuli alimshika mkono.

"Nilisema lini?" promota alimjibu kwa upole, kipaza sauti ameshakiondoa mdomoni. "Mkwe wako alikuambia uulize. Unadhani Tingatinga niliwahi hata kumweleza? Nilikuwa nakusubiri wewe."

Nyuma yao shemeji alisikia. Alishika ukuta, akateleza chini taratibu hadi akakaa kwenye ngazi. Mkwe alikuwa ameinama juu yake, anamwita.

Kivuli alitaka kurudi alipoanguka shemeji. Aliapa baadaye kwamba alitaka. Lakini umati ulikuwa umeanza kuita, na safari hii haukuita jina moja.

"Kivuli! Kivuli! Kivuli!"

Watu walewale. Yule mama wa safu ya mbele alikuwa anaruka, mikono juu. Yule mzee wa mvi alikuwa anatokwa na machozi. Hakuna aliyewahi kuliita jina hilo namna ile, si siku aliyoupata mkanda, si siku yoyote. Likampanda kutoka nyayoni, likampitia mgongoni, vinyweleo vikasimama. Na kabla hajajua mkono wake unafanya nini, ulikuwa umeshapaa hewani kuwapungia.

Baruti alikuwa anamtazama. Kwa mara ya kwanza siku ile macho yake yalikuwa angavu, yametulia, na yanajua kila kitu. Akamwinamia mdogo wake sikioni.

"Umezionja kelele zao," alisema. "Sasa, bwana mdogo, hutaweza kunipiga kwa huruma."